Koili Iliyokaa Kwenye Kopo

Kila mwezi haukosi mgeni mmoja aliyeuliza kinyozi akaelekezwa na watoto watundu kwa Fundi Nywele. Anaingia, anavua kofia, anakaa kitini na kunyoosha shingo. Fundi anamtazama, yeye anamtazama fundi. Ukutani hakuna kioo wala mashine ya kunyolea. Kuna magitaa manane yametundikwa kwa shingo, mengine hayana nyuzi, moja limepasuliwa mgongo. "Punguza pembeni tu," mmoja aliwahi kusema kwa upole, na mke wa fundi, aliyekuwa anapita na ndoo, akacheka mpaka maji yakamwagika mlangoni.

Jina lile lilitokana na waya. Waya aliokuwa akiufanyia kazi ni mwembamba kuliko unywele, na ukiuangusha sakafuni usijisumbue kuutafuta, kata mwingine. Maisha yake yote alikuwa anauzungusha waya huo. Na nisikilize vizuri hapa, maana usipoielewa kazi ya huyu bwana hutaelewa alichokosea, utasema aah, jambo lenyewe dogo, mbona anajitesa.

Gitaa la umeme, chini ya nyuzi zake, lina kidude cha urefu wa kidole. Wapigaji wanakiita pikapu, jina ambalo watoto wa mtaani hawakulikubali kamwe, kwa kuwa pikapu wanayoijua wao inabeba mchanga. Ndani yake kuna sumaku sita, kila uzi na sumaku yake, zimekitwa kwenye vibao viwili vyembamba, kimoja juu na kimoja chini. Waya unazungushwa kwenye sumaku hizo, mzunguko juu ya mzunguko, hadi elfu nane, na hiyo ndiyo koili. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, koili inahisi, inatoa umeme kidogo mno, umeme unakwenda kwenye amplifaya, na watu ukumbini wanaacha vinywaji vyao mezani na kuinuka. Hakuna uchawi hapo, ingawa mwenyewe alipenda watu wadhani upo.

Mashine yake aliiunda kwa mota ya cherehani. Lakini waya alikuwa akiuongoza kwa vidole viwili, kitambaa kidogo katikati, pumzi ameibana. Ukiukaza sana unakatika ukiwa umefika mzunguko wa elfu saba na mia tisa, nawe unaanza upya huku unatukana. Ukiulegeza, koili inatoka na tumbo, na siku amplifaya ikifunguliwa sana inapiga mluzi wa kukera. Akimaliza anaichovya kwenye nta ya moto na kungoja mapovu yaishe. Humo ndani ya chumba kulikuwa na harufu ya nta na risasi ya kulehemu ambayo mkewe alisema imeingia hadi kwenye mito ya kulalia.

Kilichompa heshima kubwa zaidi ni kutambua. Mtu analeta pikapu anasema ni ya zamani sana, ya kiwanda fulani. Fundi anaifungua kifuniko, anaitazama rangi ya waya kwenye mwanga wa dirisha. Waya wa zamani una vanishi nyeusi yenye uzambarau ndani yake, wa siku hizi ni mwekundu kama sufuria mpya ya shaba. Anaangalia umezungushwa kuelekea upande gani. Anasogeza dira kujua sumaku zimeelekea wapi. Halafu anasema, "Hii umeuziwa, ndugu yangu. Hii haina hata miaka mitano, wameipaka chai." Chai alijua inavyopakwa. Na kwa nini alijua, ndiyo habari yenyewe.

Mwaka mmoja shemeji yake alianza kukonda. Shemeji huyu, kaka wa mkewe, mtaa mzima ulimwita Solo, kwanza kwa sababu kwenye bendi ndiye aliyepiga solo, pili kwa sababu akianza kuongea hampi mtu mwingine nafasi. Mke wa Solo mwenyewe alikwisha kumkimbia zamani, akisema hawezi kugombania mume na gitaa. Alikaa peke yake kwenye chumba kimoja, mitaa miwili kutoka kwa fundi, na kila siku alikula kwa dada yake na kuulaumu ugali, samahani, kuulaumu upishi wote kwa ujumla, huku akiongeza sahani ya pili. Alipoanza kuacha sahani ya kwanza ikiwa nusu, dada yake akajua mambo si mazuri.

Hospitali walisema ni uvimbe tumboni. Upasuaji ufanyike upesi, ukichelewa hautakuwa na maana. Gharama ilikuwa imewazidi kabisa, na ukoo wote ule ukiukung'uta hukuti kitu isipokuwa gitaa moja. Gitaa hilo alilipiga baba yao, akafa akamwachia Solo. Lilikuwa la zamani, la kiwanda kilichofungwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, lenye pikapu moja tu, na watu wanaojua vitu hivyo walikuwa wakilitafuta.

Mmoja wao alikuwa daktari wa meno. Alikuwa na magitaa zaidi ya thelathini nyumbani na hakujua kupiga hata moja, kazi yake kuyatazama. Mke wa fundi alimfuata mwenyewe, akamweleza shida ya kaka yake bila kuficha. Daktari wa meno akakubali. Angelipa hospitali moja kwa moja, gharama yote, sharti moja tu: kitu cha ndani kisiwe kimebadilishwa, hasa koili. "Kama ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, nalichukua Jumamosi," alisema. "Kama imebadilishwa, silitaki hata bure. Nitalifungua mwenyewe niangalie."

Mama yule akarudi nyumbani anakaribia kukimbia. Alimkuta mumewe anakunywa chai.

"Tumepona!" akasema. "Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nimemwambia gitaa lile halijaguswa na mtu mwingine ila mume wangu, na mume wangu ndiye fundi unayemsikia. Unajua alifurahi? Anakufahamu kwa jina."

Chai ikampalia fundi mpaka machozi yakamtoka. Mkewe akampiga piga mgongoni akicheka, akidhani ni furaha.

Sasa turudi nyuma miaka ishirini na miwili. Fundi Nywele alikuwa kijana, hana jina hilo bado, ana chumba kipya na mashine mpya ya mota ya cherehani ambayo vidole vilikuwa vinamwasha kuitumia. Alikuwa anampenda msichana fulani kufa. Baba wa msichana alikuwa amefariki, na mwenye kauli juu ya ndoa yake alikuwa kaka, huyu huyu Solo, ambaye alimwona fundi kama mtu wa kuchezea nyaya asiye na mbele wala nyuma. Ndipo gitaa la marehemu likanyamaza. Siku tatu kabla ya onyesho kubwa, jioni moja, kimya, halitoi hata kwikwi. Solo akalileta akiwa amelikumbatia.

"Tengeneza," alisema. "Tengeneza, usibadilishe. Umenielewa? Hii ndiyo sauti ya mzee. Sina nyingine."

"Nimekuelewa, kaka."

Akapima kwa mita, sindano haikutikisika. Hapo sasa. Fundi yeyote aliyefundishwa akafundishika, koili ikiwa haisomi, anaanza na pale ncha za waya zilipolehemiwa kwenye vitundu viwili vya shaba vilivyo katika kibao cha chini. Unapagusa kwa pasi ya kulehemu yenye moto, unapima tena. Ni kazi ya dakika mbili. Koili nyingi zinazozikwa hazijafa, zimeachia pale tu. Yeye alikuwa anajua hilo. Alikuwa anajua! Lakini alikuwa na haraka, alikuwa na mapenzi, na alikuwa na mashine mpya. Akaamua waya umekatika katikati, akaitoa koili ya mzee nzima nzima na kuitia kwenye kopo. Akakata vibao vipya, akatafuta sumaku zenye urefu ule ule, akazungusha yake. Vibao akavipaka chai iliyokolea vionekane vya zamani. Akafunika, akakaza skrubu.

Solo alipochomeka waya na kugusa uzi wa kwanza, alisimama tuli. Akagusa wa pili. Uso ukamvurugika. "Ni mzee," akasema, na kulia mbele ya watu bila aibu. "Jamani, ni mzee mwenyewe, tena ananguruma kuliko zamani." Onyesho lile ndilo lililompa Solo jina mjini. Wiki iliyofuata akamwita fundi, akamkalisha, akamwambia, "Mtu aliyemfufua baba yangu nitamnyimaje dada?"

Wewe ungemwambia? Fundi alipanga kumwambia baada ya harusi. Baada ya harusi akasema ngoja mtoto azaliwe. Mtoto akazaliwa, akatembea, akaenda shule, akaolewa mbali, na kopo lilikuwa bado lipo juu ya kabati nyuma ya makopo ya nta. Kila mara Solo akija na wapigaji wenzake alikuwa anampiga fundi begani na kusema, "Huyu shemeji yangu, mnamwona hivi? Huyu haguswi." Fundi alikuwa anacheka naye.

Basi Jumatano mkewe akamletea gitaa kwenye chumba cha kazi, alisafishe lipendeze. Alhamisi mchana fundi akafunga mlango, akashusha kopo. Kopo lilikuwa limeota kutu, kifuniko kikambishia. Akaitoa koili ya mzee na kuiweka kwenye kitambaa cheupe. Hofu aliyokuwa nayo si ndogo. Kama waya kweli umekatika ndani, ameisha. Kuzungusha upya haiwezekani, waya wa vanishi ile hautengenezwi tena, na daktari wa meno angeona wekundu mara moja. Akiacha koili yake humo, ataonekana mwongo na biashara itakufa, na Solo atakufa nayo. Alifikiria hata kumwambia yule daktari kwamba viwanda vingine vilitumia waya mwekundu. Alijiona mchafu.

Akapima. Sindano kimya.

Akachukua lenzi, akakiinamia kitundu cha kwanza cha shaba. Risasi ilikuwa inang'aa, safi. Akahamia cha pili. Pale risasi ilikuwa imefifia, ya kijivu, na kuizunguka kulikuwa na ufa wa mviringo mwembamba mno, wa kuonekana kwa lenzi tu. Ncha ya waya ilikuwa imekaa humo bila kushikwa na kitu. Akachukua pasi ya kulehemu, akapagusa, akaongeza tone la risasi mpya. Moshi kidogo ukapanda. Akaweka mita.

Sindano ikainuka, ikasimama pale pale inapotakiwa kusimama.

Nzima. Ilikuwa nzima siku zote. Miaka ishirini na miwili imekaa kwenye kopo haina ugonjwa wowote, na aliyeizika ni yeye, kwa uvivu wa dakika mbili. Fundi Nywele akajizaba kofi. Halafu jingine. Akajiita majina ambayo sitayarudia hapa, akaweka kichwa juu ya meza katikati ya vipande vya waya na kulia.

Mkewe akagonga, naye akamfungulia. "Umejifungia nini? Mbona macho mekundu hivyo?"

"Moshi wa risasi."

"Utakuja kupofuka na kazi yako hii," akasema, akamwekea chakula na kwenda zake. Alikuwa anaimba. Wiki mbili alikuwa hajaimba.

Akairudisha koili ya mzee mahali pake, ile yake akaitia mfukoni mwa shati. Alipochomeka kwenye amplifaya kupima akasikia tofauti. Ile ya mzee ilikuwa nyembamba, kali, inasema maneno yake moja moja na kunyamaza. Yake yeye, kwa kuwa ujanani alizungusha kwa pupa na kuongeza mizunguko mingi kupita kiasi, ilikuwa nzito, yenye kifua. Lakini fundi alikuwa mtu wa kupima, si mtu wa kupiga. Akajiambia mgonjwa hatatambua, na kwamba hata akitambua ndiyo sauti ya baba yake, analalamika nini.

Jumamosi asubuhi walikutana chumbani kwa Solo. Solo alikuwa kitandani, ameegemezwa mito miwili, shati limekuwa kubwa kuliko yeye. Daktari wa meno alikuja na bisibisi zake kwenye kimfuko cha ngozi. Akafungua bamba la plastiki, akageuza pikapu, akaweka lenzi jichoni. Alikaa hapo muda mrefu, anapumua kwa pua. Mke wa fundi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Waya ndio wenyewe," daktari akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyepewa zawadi. "Vibao ndivyo. Asili kabisa. Hata risasi... hii moja imeguswa, lakini hiyo si kitu." Akamgeukia fundi. "Mafundi waaminifu mmebaki wachache."

Dada mtu akaachia meza na kukaa chini sakafuni. "Asante Mungu," akasema, "asante Mungu wangu."

"Ngoja kwanza," Solo akasema. "Niliage."

Wakalifunga, wakampa, wakachomeka kwenye amplifaya yake ndogo pembeni ya kitanda. Akaliweka pajani. Akalipapasa shingo, akatabasamu, akamkonyeza fundi kama zamani. Akaanza wimbo uliompa jina, mwanzo wake, ule ambao hata watoto wa mtaani waliuigiza kwa midomo.

Akasimama. Akaongeza sauti, akaanza tena. Akasimama tena. Tabasamu limeshaondoka.

"Hii siyo," akasema.

"Siyo nini, kaka?" dada yake akauliza.

"Sauti imekonda. Haina kifua. Shemeji," akamtazama fundi, macho makubwa kwenye uso mdogo, "umelifanya nini?"

Hapa mimi huwa nakasirika kila nikisimulia, na mtanisamehe. Uongo ulikuwa hauna kazi tena! Koili ya asili imo ndani, daktari ameridhika, hospitali italipwa. Angetoa ile nyingine mfukoni, pale pale ilipokuwa inamgusa kifua, akasema kaka, ilikuwa hivi na hivi. Aibu ingekuwa yake peke yake na ingepita. Lakini mkewe alikuwa sakafuni anamtazama, na daktari wa meno alikuwa ametoka kumwita mwaminifu sasa hivi.

"Nimesafisha tu, shemeji," akasema. "Sijagusa kitu."

Solo akamwamini. Kwa nini asimwamini? Alikuwa amemwamini miaka ishirini na miwili. Akaacha kumtazama yeye, akainua mikono yake mwenyewe na kuitazama, ule wa kushoto, halafu wa kulia, mbele na nyuma.

"Basi ni mimi," akasema polepole. Akachomoa waya. "Lichukue, daktari. Lichukue upesi."

Alipasuliwa Jumanne. Walimfungua, wakatazama, wakamshona. Uvimbe ulikuwa umesambaa na hakukuwa na cha kukata. Daktari wa upasuaji aliwaita pembeni, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba ni suala la siku.

Wenzake wa bendi walikuja wodini na gitaa la kawaida, lisilo la umeme, wakidhani litamchangamsha. Solo, mtu asiyejua kunyamaza, akageukia ukuta. Aliwaambia neno moja tu: waliondoe. Siku ya tano baada ya upasuaji mke wa fundi alirudi kutoka hospitali, akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Unajua kinachomuua kaka?" akasema. "Si uvimbe. Uvimbe anautania, anauita mpangaji. Anasema mikono yake ilikufa siku ile ya Jumamosi, ikamtangulia. Anasema ugonjwa ulianza kumla kwenye vidole na sisi hatukujua. Amekaa anavitazama mchana kutwa. Mtu mzima yule, analia kwa ajili ya vidole."

Fundi alikwenda kwa daktari wa meno siku ile ile, akamwomba aazimwe gitaa kwa saa moja tu, lifike wodini; njiani angelirudishia ile koili ya mfukoni. Alimkuta ameshaliweka kwenye kabati la kioo na kitaa juu yake. Daktari alimkaribisha vizuri, akamsikitikia mgonjwa kwa dhati, na kusema hapana, kitu cha namna ile kikishatulia hakihamishwi. Fundi akatoka. Njia zote alizozijua za kurekebisha kitu bila kukisema zilikuwa zimekwisha.

Kesho yake, saa ya kutazama wagonjwa, akaingia wodini. Vitanda vilikuwa vimepangwa pande mbili, wauguzi wanapita na troli lenye gurudumu linalolia. Mkewe alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, anakoroga uji ambao haukuwa na mnywaji. Solo alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka. Alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Shemeji," Solo akasema. "Umekuja kuninyoa?"

Hata wakati ule. Fundi alijaribu kucheka, ikatoka sauti ya ajabu. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa koili yake, ndogo, nyekundu pembeni, vibao vya kahawia, akaiweka kwenye kiganja cha Solo na kuvikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Hii ndiyo iliyokuwa kwenye gitaa lako," akasema.

Akamwambia. Alianza na ile jioni, siku tatu kabla ya onyesho, akaeleza kopo, akaeleza chai, akaeleza ufa wa mviringo na zile dakika mbili. Hakujitetea. Aliongea akitazama shuka, mpaka akamaliza na ile Jumamosi. Kijiko cha mkewe kilikuwa kimeacha kukoroga. Fundi alikisikia kilivyoacha na hakuthubutu kuinua macho upande ule.

Solo alikuwa anaipapasa koili kwa kidole gumba, huku na huku.

"Kwa hiyo ule mngurumo haukuwa mzee," akasema.

"Haukuwa."

"Nililia mbele ya watu nikasema ni mzee."

"Nisamehe."

"Na hii siku ya Jumamosi, ile sauti iliyokonda. Huyo ndiye mzee."

"Ndiye."

"Sikumtambua baba yangu." Alipumua, na ilichukua muda kupumua. "Na mikono?"

"Mikono yako haina kosa, kaka. Haijawahi kuwa na kosa. Ilikuwa sawa kabisa ile Jumamosi. Kosa lote ni langu."

Solo akaviangalia vidole vyake vya kushoto. Akajaribu kuvipanga juu ya shuka, hiki mahali pake na kile mahali pake, mwanzo wa wimbo ule. Viwili vilikwenda. Vingine vilibaki vimelala. Akajaribu tena, halafu akaviacha.

"Mpumbavu wewe," akasema, na hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Dada alikuwa ameshakupenda, ningefanya nini? Ungeniambia mwaka ule ningekuzaba kofi moja, ukaoa hivyo hivyo na shavu limevimba. Tungekuwa tunacheka mpaka leo." Koili ikamteleza kiganjani, ikabingirika kwenye shuka. "Sasa nikuzabe kwa mkono gani?"

Fundi Nywele akapiga magoti kando ya kitanda. Akasogeza shavu lake mpaka likagusa kile kiganja, akafumba macho na kungoja kofi. Alingoja mpaka muuguzi akaja kusema muda wa kutazama wagonjwa umekwisha. Mkono haukuinuka.